Mwanangu hataki kupita Daraja la Nyali kwa sababu ya wimbo wa nasari. Hivi hizi nyimbo za watoto zina maana gani?

Mama Rahma, Kisauni

Salaam aleikum jamaa zangu. Mwenye kucheka acheke, lakini akimaliza anijibu.

Binti yangu Rahma ana miaka minne, ameanza PP1, darasa la kwanza la nasari, mwaka huu. Wiki ya pili alirudi nyumbani yuwaimba London Bridge, kichwa juu, sauti nzima. Nikafurahi, nikamrekodi, nikawatumia shangazi zake. Jioni, mikono yangu imo ndani ya unga wa chapati, akaniuliza ule wimbo wasema nini. Nikamjibu bila kufikiri: "Wasema daraja laanguka." Akanyamaza. Nikaendelea kukanda.

Jumatatu tukapanda matatu twaenda kliniki mjini. Kengeleni tumepita salama. Gari lilipoingia Daraja la Nyali akachungulia dirishani, akaona maji kule chini, akanikamata buibui kwa mikono miwili na kupiga ukelele: "Mama tushuke! Laanguka!" Wallahi watu wote waligeuka. Mzee aliyekaa mbele akaanza kusoma Ayatul Kursiy. Makanga naye, badala ya kunyamaza, akasema, "Lakini kweli, hili daraja hutikisika."

Hii ni wiki ya tatu. Sasa akiiona tu ile kengele ya Kengeleni, aanza kulia. Na mwajua sisi wa Kisauni tukitaka kwenda kisiwani Mombasa hatuna pa kupitia ila hapo.

Mume wangu asema nyimbo za watoto ni kelele tu, hazina maana, mtoto atasahau. Mamangu asema zetu za zamani zilikuwa na maana, hizi za siku hizi ndizo hazina. Mimi nimekaa nikaanza kuziwaza hizo zetu. Ukuti ukuti wa mnazi, ukipata upepo watetemeka. Haya, umetetemeka. Halafu? Maana yake nini hapo? Nikamwuliza mamangu, akaniambia nisimsumbue.

Kuna anayejua?

Dogo wa Majengo

Dada, huyo mtoto ana akili kutushinda sote. Sisi tumeimba miaka na hakuna aliyeuliza litaanguka lini.

Mimi nasari nilikuwa naimba ule wa kondoo mweusi, Baa Baa Black Sheep, lakini masikio yangu yalisikia "ship". Babangu alikuwa kuli bandarini Kilindini. Kwa hiyo nilijua kabisa huu ni wimbo wa babangu: baba, meli nyeusi, kisha wanaulizana kuna mzigo, ndiyo bwana, gunia tatu zimejaa. Kila kitu kilikaa mahali pake. Nilikuwa naimba kwa fahari, kifua mbele. Nimekuja kujua ni kondoo nikiwa darasa la nne, na mpaka leo naona wa kwangu ulikuwa bora.

Abuu wa Bondeni

Mimi nasema hizi nyimbo za Kizungu ziondolewe nasari zote. Watu hawajui wanawafundisha watoto nini. Ule wa kuzunguka na kuanguka, Ring a Ring o' Roses, ni wimbo wa tauni. Waridi ni vile vidonda, maua ya mfukoni ni ya kuzuia harufu, chafya ni ugonjwa wenyewe, kuanguka ni kufa. Watoto wetu wanaimbia maiti za London huku wanacheka. Na huo wa daraja nimesikia walizika mtoto mzima ndani ya nguzo ili lisimame. Mama Rahma, mtoto wako ameona kitu ambacho wewe hukioni.

Baharia Mstaafu

Abuu, usimzidishie mama wa watu hofu. Hiyo ya tauni hata mimi niliisimuliwa melini, tena na Mwingereza, na nikaiamini miaka. Lakini tazama tarehe. Tauni kubwa ya London ilikuwa 1665. Wimbo wenyewe huko Uingereza ulichapwa mara ya kwanza 1881, katika kitabu cha Kate Greenaway. Zaidi ya miaka 200 katikati hapo, na hao Waingereza ni watu wa kuandika kila kitu hadi bei ya vitunguu. Tena hiyo tafsiri ya vidonda na maiti imekuja kuenea katikati ya karne ya 20. Mume na mke, Iona na Peter Opie, walikusanya nyimbo za watoto wa kwao wakatoa kamusi yake mwaka 1951, nao hawakuikubali. Katika namna za zamani za wimbo huo, nyingi hazina hata hiyo chafya.

La mtoto kuzikwa nguzoni nalo watu wamelisema sana, ushahidi haujapatikana.

Daraja la London nimelipita kwa miguu. Ni zege tupu, halina sura, utadhani umesimama Makupa. Lile la mawe lilimalizika 1209 likakaa hadi 1831, zaidi ya miaka 600. Sasa hilo ndilo laitwa laanguka! Lililofuata halikuanguka pia, liliuzwa. Mmarekani mmoja, Robert McCulloch, alilinunua 1968, mawe yake yakatiwa nambari moja moja, yakasafirishwa hadi Arizona, yakapangwa upya jangwani mahali paitwapo Lake Havasu City. Hili la sasa lilifunguliwa 1973. Mwambie Rahma: daraja la London halikuanguka, lilihama.

Na hili letu la Nyali mwambie ni la 1980. Kabla yake kulikuwa na jingine tangu 1931, lililokuwa likielea juu ya maji. Mimi nimelipita nikiwa mtoto. Hilo ndilo lilikuwa likitikisika, si mchezo, na hatukulia. Tena sisi tulikuwa tukilitaka litikisike zaidi.

Mama Rahma, Kisauni

Baharia nashukuru. Nimemwambia lilihama. Ameniuliza la Nyali litahama lini.

Bi. Mwalimu, Mtongwe

Waaleikum salaam mwanangu. Nimefundisha nasari miaka 31, Likoni kisha Tudor, sasa nimekaa zangu Mtongwe na wajukuu. Naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mnivumilie.

Kwanza nikuulize: huo wimbo Rahma aliucheza ama aliutazama?

Mama Rahma, Kisauni

Mwalimu shikamoo. Nimempigia simu mwalimu wake kuhakikisha. Kuna televisheni ukutani. Darasa liko ghorofa ya pili, uwanja hakuna, watoto hukaa mkekani na kuimba pamoja na katuni. Daraja lenyewe kwenye katuni laanguka kweli, vipande vyaingia majini. Sikujua. Ada nalipa ya kutosha, uwanja hakuna.

Bi. Mwalimu, Mtongwe

Marahaba. Basi nilidhani hivyo.

Huo ni mchezo kabla ya kuwa wimbo. Watoto wawili washikana mikono juu, wenzao wapita chini wamefuatana kama siafu, na maneno yakifika mwisho mikono yashuka. Aliye chini amenaswa. Mtoto aliyeucheza hivyo akiulizwa nini kimeanguka atakwambia: mikono ya Mwanaisha na Kadzo. Wa kwako amepewa maneno bila mikono, naye akaenda kutafuta daraja la kuyavika. Karibu na kwenu liko moja tu.

Hapa ndipo mimi sikubaliani na mumeo wala na mamako. Mumeo asema hazina maana, mamako asema zetu zina maana. Wote wanatafuta maana ndani ya maneno, kama anayetafuta tui ndani ya kifuu.

Chukua hiyo Ukuti uliyoiuliza. Mimi nilikuwa na watoto 45, peke yangu, na mama mmoja wa kupika uji. Jaribu wewe kuwaambia watoto 45 "kaeni chini" uone. Wa mbele wakae, wa nyuma wasimame wachungulie kwa nini wa mbele wamekaa. Lakini waambie washikane mikono, uanze "ukuti, ukuti", wao waitikie, duara lizunguke. Ukifika "ukipata upepo" waona magoti yaanza kulegea yenyewe. "Watete... watete..." wanashuka, wanashuka, "watetemeka!" na wote wako chini, wanacheka, makalio kwenye mchanga. Hapo uji upite. Sijanyanyua sauti, sijanyanyua ufito. Hiyo ndiyo maana ya Ukuti kwa mwalimu wa nasari. Angalieni pia: ni ule ule mzunguko na kuanguka wa Abuu na tauni yake. Watoto wa London waanguka, wa Mombasa watetemeka hadi chini. Hakuna maiti popote. Mtoto akizungushwa hutaka kuanguka, basi.

La pili, na hili sikulijua mpaka nimefundisha miaka kama kumi. Watoto wetu hawa wanaokulia Kiswahili cha mjini hukuambia "ukuta imeanguka", "uzi imekatika", "ufagio yangu". Umsahihishe asubuhi, jioni amerudi pale pale. Lakini sijamsikia mtoto hata mmoja akiimba "ukuti ya mnazi". Wala "yatetemeka". Ulimi wake umekataa, kwa sababu wimbo umeshika. Ngeli ya U imeingia kwa miguu kabla haijaingia kwa daftari. Nilipokuwa nikisahihisha "ukuta imeanguka" nilikuwa naimba tu, "ukuta, ukuta, wa nyumba, wa nyumba," naye amalizia mwenyewe: "waanguka!"

La tatu ni vidole, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu napenda kukaa hapa.

Jumatatu ilikuwa siku ya kucha. Nakaa kwenye kibao changu cha mbuzi, kile cha kukunia nazi nimekitoa ulimi, mtoto asimama katikati ya magoti yangu, mkono wake wa kushoto ndani ya mkono wangu wa kushoto, mkasi mdogo kwenye wa kulia. Mtoto wa miaka minne akiona mkasi huvuta mkono. Sasa naanza na kidole cha mwisho, nakishika nchani na kukitikisa: "Huyu asema, twende!" Kata. Cha pete: "Huyu auliza, wapi?" Kata. Cha kati: "Tukaibe!" Hapo mtoto ameshatoa macho. Cha shahada: "Na tukionekana?" Kata. Kisha gumba. Gumba hulikati upesi. Walishika, walikunja nje mbali na wenzake, wasubiri. Mtoto mwenyewe apiga kelele: "Mimi simo!" Na ndiyo maana gumba likakaa peke yake. Kata, mwite mwingine.

Bibi yangu ndiye aliyenikatia kucha hivyo, na sijui nani alimkatia yeye. Mtu mmoja wa wizarani aliwahi kuja darasani akaniambia huo ni wimbo wa kufundisha watoto wizi. Nikamwambia bwana, hesabu: mwizi ni mmoja, aliyekataa ni mmoja, na anayependwa na watoto ni aliyekataa. Akaandika kitu, akaenda zake.

Kwa hiyo mwanangu, usimweleze Rahma tena habari za London. Ulishamweleza mara moja ukaona. Mtungie wake, kwa sauti ya Ukuti, muimbe mkiwa juu ya daraja. Mpe kazi ya mikono.

Baharia Mstaafu

Bi. Mwalimu, nimesoma hiyo ya vidole mara mbili na nimejikuta nimeshika gumba langu.

Naongeza moja. Huyo Humpty Dumpty anayechorwa yai ana suruali: ukiusoma wimbo wenyewe, hakuna mahali pametajwa yai. Kilikuwa kitendawili. Kuna kitu kimekaa ukutani, kimeanguka, farasi wote na watu wote wa mfalme hawakuweza kukiunga: ni nini? Yai. Picha zimeua kitendawili, maana jibu limechorwa jaladani. Ni sawa na mimi nikutegee "nyumba yangu haina mlango" huku nimeshika yai mkononi. Utanipa mji wa nini?

Lakini nina ugomvi kidogo na wewe kuhusu maneno kutokuwa na maana. Ya kuchezea, nakubali. Ya kulaza, hapana. Bibi yangu, huko mtaa wa Kuze, alikuwa na mume nahodha wa jahazi, kaskazi na kusi yuko nje, na pesa hazifiki ama zafikia kwa mama mkwe kwanza. Ukuta wao na wa mama mkwe ulikuwa mmoja. Mamangu, ndiye aliyekuwa akilazwa, alinikariria:

*Lala mwanangu ulale, baba hajaja na kitu,*
*mtele ni wa jirani, nayo nazi ni ya mtu.*

Mtoto wa miezi saba atajua nini habari za nazi ya mtu? Ule wimbo ulikuwa unapita ukutani. Mamangu alisema mtoto akishalala, sauti ndiyo yazidi kupanda. Na asubuhi mtele waja, kwenye uteo, umefunikwa, mletaji haongei. Ukiwa mke wa ndani zamani hizo hukuweza kumwambia mama mkwe neno. Lakini nani atakukataza kumlaza mtoto? Wengine huvaa leso yenye jina, wengine humshika mtoto.

Bi. Mwalimu, Mtongwe

Hapo Baharia nimeshindwa. Nachukua maneno yangu nusu. Mimi mwenyewe nimeimba hivyo, na sitasema nilikuwa namwimbia nani kwa kuwa wanawe wako humu wanasoma.

Abuu wa Bondeni

Haya, tauni nimeiacha. Lakini nyimbo za Kizungu zimezidi, hilo siliachi.

Dogo wa Majengo

Abuu, wewe barazani ukitaka kujua nani ataenda kununua kahawa wafanya inki pinki ponki na mzee ana punda wake akafa. Nimekuona kwa macho yangu, juzi.

Abuu wa Bondeni

Hiyo si ya Kizungu, hiyo ni ya Bondeni.

Mama Rahma, Kisauni

Nimerudi. Siku nne zimepita, nina habari.

Nilifuata ushauri wa Mwalimu. Usiku kucha natunga kama mshairi. Asubuhi tukaingia matatu, kiti cha nyuma, tukashikana mikono. Tulipofika mwanzo wa daraja nikaanza: "Daraja, daraja!" Akaitikia, "daraja, daraja!" "La Nyali, la Nyali!" "La Nyali, la Nyali!" Yuko vizuri, hatazami nje, anatazama mikono yetu. Nikasema moyoni, Mwalimu Mungu akuweke. "Likipata magari..." na hapo, jamani, mdomo wangu wenyewe ukaenda kulikozoea: "latete... latete..."

Nikaliona kosa langu lakini limeshatoka. Mtoto amenitolea macho. Lori la simenti lapita ubavuni, gari letu lacheza kweli kweli. Mimi nimekwama kwenye "latete", siwezi kwenda mbele siwezi kurudi nyuma. Nikajua sasa ni kilio.

Akavuta mkono wake mmoja, akanyanyua kidole kama yule mwalimu wao, akamalizia mwenyewe kwa sauti ya juu: "HALItetemeki!"

Haiingii kwenye mahadhi kabisa. Inabidi uimbe haraka haraka kama mtu anayekimbilia feri. Lakini ndivyo alivyoamua, na tangu siku hiyo ndivyo tunavyoimba, kwenda na kurudi, mara tatu kila kuvuka. Jana makanga, yule yule, ndiye aliyeanza. Na Mwalimu utafurahi: hajasema hata mara moja "haitetemeki".

Kucha nazo zimekatwa. Babake alipomwambia akaoge akamjibu, "Mimi simo."

Sasa nina swali jingine. Jumamosi tuna arusi Likoni. Itabidi tupande feri, na asubuhi hii amerudi nasari yuwaimba ule wa mashua, wa kupiga kasia polepole mtoni. Ameniuliza maana yake, nikamwambia nina kazi. Nifanye nini?

Bi. Mwalimu, Mtongwe

Huo ni mzuri, hakuna anayezama. Mkalie uso kwa uso, mshikane mikono, mvutane mbele na nyuma mpaka upande wa pili. Na kabla hamjashuka rampu mnunulie viazi karai, mdomo uwe na shughuli. Mkivuka njooni Mtongwe mnisalimie, nina mabuyu.

Baharia Mstaafu

Na akiuliza kama feri yatikisika, mwambieni ukweli.